Sarafu Husomwa Kabla ya Kupimwa

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kipande cha madini cha mviringo kikiokotwa kibanjani au kikitolewa katika sanduku la bibi aliyefariki, aghalabu hukimbiliwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni dalali anayenong'ona kwamba hiyo ni rupia ya Mjerumani, kwamba ina nguvu, na kwamba yuko mnunuzi mjini atakayetoa mamilioni, ilimradi mwenye mali atangulize gharama za kipimo. Wa pili ni mwenye mizani ya sonara, ambaye hukitupa juu ya kisahani, akatazama gramu, akasema shaba si kitu. Mmoja hukipandisha mpaka mbinguni, mwingine hukishusha mpaka jalalani, na hakuna kati yao aliyekisoma.

Uchukuliwe mfano wa kipande kinachowatatiza wengi: cha shaba, upande mmoja tai wa dola ya Ujerumani na maandishi ya Kilatini, upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Asiyejua hudhani ni hirizi. Msomaji wa pwani hana haja ya kudhani. Herufi zasema Sharaka Almaniya, na chini yake tarakimu 1307, 1308 au 1309. Sharaka hiyo ni ndugu wa damu wa shirika na ushirika wa kila siku. Mwaka ni wa Hijra. Na upande wa tai umeandikwa 1890, 1891 au 1892. Ni pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, yaani ya wafanyabiashara waliopewa idhini ya kupiga sarafu, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Haikutoka kwa mfalme wala kwa sultani.

Wajerumani hawakuandika Kiarabu kwa mapenzi. Walijua kwamba kutoka Tanga mpaka Lindi aliyejua kusoma alisoma kwa herufi hizo, naye alikwisha kuzizoea katika pesa ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijra, yenye picha ya mizani. Ilipofika 1904 serikali ya kikoloni ilichukua kazi ya sarafu mikononi mwake, ikaleta heller, 100 kwa rupia, yenye taji na majani, na herufi za Kiarabu zikatoweka. Nafasi yake likabaki neno moja: hela.

Na neno hilo lina maadui mpaka leo. Wapo wahakiki wa ushairi wanaolikata hela katika beti za vijana kwa hoja kwamba ni la mitaani, huku wakiipokea kwa mikono miwili pesa, iliyotoka Bara Hindi, na fedha, iliyotoka Arabuni. Yote matatu yalishuka kutoka vyomboni. Kwa nini moja lisimamishwe forodhani na mengine yapite? Mhakiki wa namna hiyo hatofautiani na yule sonara: anapima bila kusoma.

Bukoba ilipata kituo cha Wajerumani mwaka 1890, kwa mkono wa Emin Pasha, mwaka uleule unaosomeka katika pesa za kwanza. Lakini Wahaya walikuwa wakihesabu kwa ensimbi, yaani kauri, na kauri ni za bahari hii. Waganda mpaka leo huita fedha ensimbi. Kwa hiyo anayedai kwamba sarafu ya Muleba haiwahusu watu wa visiwani ajiulize simbi zile ziliokotwa ufuko gani.

Kisha kuna suala la tundu, ambalo madalali hulitumia kuwapofua watu. Heller 10, kuanzia 1908, na heller 5 za 1913 na 1914, zilitoka kiwandani zikiwa na tundu katikati, laini na la mviringo. Senti za Afrika Mashariki za Mwingereza nazo zilitobolewa katikati, lakini hizo zina pembe za ndovu, na nyingi katika zinazouzwa kwa jina la Mjerumani ni hizo. Lipo tundu la tatu: la msumari, karibu na ukingo, lililotobolewa kwa mkono ili sarafu ivaliwe shingoni. Mkusanyaji akiliona tundu hilo husema sarafu imeharibika, akapunguza bei. Anunue apendavyo, ni haki yake. Ila anayekusanya habari za watu, kisha akakubali hukumu hiyo, ameitupa sehemu pekee ya sarafu iliyotengenezwa na mwenyeji. Mengine yote yalifanywa Ujerumani.

Bei isemwe pia, maana uongo hustawi panapokuwa na kimya. Pesa za kampuni zilipigwa kwa mamilioni. Haifai kuuza ng'ombe ili kumlipa dalali wa pesa moja. Iliyo na bei kubwa kweli ni rupia 15 ya dhahabu, yenye ndovu na herufi T, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. Zilikuwa kiasi cha 16,000 tu, na za kughushi ziko tele. Na yeyote aliye na sarafu ya kale asiisugue kwa ndimu na mchanga ili ing'ae, kwani kwa kuisugua huipunguzia bei na huzifuta herufi.

Lawama kubwa, hata hivyo, iwaendee wapenzi wa maandiko ya kale. Huzunguka Pate na Siyu kutafuta miswada, hulia juu ya karatasi zilizoliwa na mchwa, na maandishi yaleyale yamelala katika shaba Kamachumu wasiyaulizie. Bukoba ina misikiti na madrasa. Mtoto aliyemaliza juzuu ya kwanza anaweza kuzitamka herufi za pesa ile papo hapo, na mwalimu wake akaugeuza mwaka wa Hijra kuwa wa Miladi, bila kutangulizwa gharama yoyote ya kipimo.