Njia ya Baharini Ilipita Wapi?

Nimechoka na makala za ushago. Mnazijua. Shule zimefungwa, mtoto wa Nairobi anapandishwa basi la usiku, anavuka feri ya Likoni macho yakiwa majini, anashuka Ukunda au Msambweni na nyanya yuko pale na leso yake. Kuna moshi wa kuni, kuna dafu, kuna jogoo. Aya ya mwisho nyanya anafariki. Tunasambaza, tunaandika "umenikumbusha mbali sana" hapo chini, halafu kila mtu na shughuli zake.

Shida yangu si machozi. Shida ni kwamba unaweza kusoma makala ishirini za namna hiyo na usijue shamba lilikuwa la nani, mpaka wake uliishia wapi, na leo pale amekaa nani. Kijiji kizima kimegeuzwa harufu.

Nina dhana yangu kuhusu tulikoutoa mtindo huu. Wengi wetu, kabla hatujaandika neno lolote kuhusu likizo, tulikuwa tumeshasoma likizo za watu wengine. Enid Blyton alianza vitabu vyake vya Famous Five mwaka 1942 na akaandika 21: shule inafungwa, watoto wanne na mbwa wanaenda kwa shangazi kijijini kando ya bahari, wanakula, wanazurura, wanarudi. Kijiji kile kazi yake ni kuwapa likizo. Tukakua, tukabadilisha keki tukaweka muhogo, tukasema tumejiandikia yetu.

Lakini Waingereza wenyewe, nje ya vitabu, hawachezi na kumbukumbu za kijijini. Kwa sheria yao ya barabara ya 1980, njia ambayo watu wameipita miaka 20 mfululizo, waziwazi na bila kuomba ruhusa, huhesabiwa kuwa ya umma, isipokuwa mwenye ardhi athibitishe kwamba hakuwahi kukusudia iwe hivyo. Basi wanakijiji hujaza fomu: nilipita hapa tangu mwaka fulani, nikienda wapi, mara ngapi, kulikuwa na geti au hakukuwa. Ile kumbukumbu ya utotoni tunayoiita tamu, kule inaingia kwenye faili.

Na msiniambie hayo ni mambo ya Wazungu. Sheria ya Kenya ya ukomo wa madai, Sura ya 22, nayo inaitambua haki ya njia iliyotumika kwa amani, wazi, bila kukatizwa, kwa miaka 20. Ina masharti yake, ndiyo, lakini ipo.

Sasa fikirieni Kwale. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa Pwani: leta dai lako na ushahidi wako, la sivyo ardhi ni ya Mfalme. Fomu ilimtaka mtu mmoja mwenye jina moja. Shamba la Mdigo lilikuwa la ukoo, na kwa desturi ya zamani urithi ulipita upande wa mama, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Isitoshe, Pwani hii mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ulipoota ikawa na mwenyewe mwingine. Hayo utayaandika kwenye mstari gani? Baada ya uhuru viwanja vya ufukweni vikaenda kwa wenye vyeo na marafiki zao. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika kuhusu dhuluma za ardhi Pwani katika ripoti yake ya 2013. Ripoti ndiyo hiyo, inakula vumbi.

Ngoja niseme yangu jinsi ninavyotaka yasemwe. Kwa nyanya mzaa mama, upande wa Kinondo, njia ya baharini ilianza nyuma ya mbuyu, ikapita katikati ya mikorosho miwili iliyoinamiana, ikashuka kwenye kisima cha maji ya chumvichumvi, ikatokea ufukweni penye mivinje. Mimi na binamu zangu tuliipita kila Agosti na kila Disemba, kuanzia 1994 hadi 2006. Hakukuwa na geti. Mjomba alipita alfajiri kwenda kwenye ngalawa. Mama mkubwa na wenzake walipita maji yakipwa, na vyuma vyao vya kutolea pweza mwambani.

Leo njia hiyo inagonga ukuta. Mlinzi ni kijana wa pale pale, tena mpole: "Samahani dada, mwenyewe hataki watu." Mama mkubwa sasa anazunguka mbali kutafuta pa kupitia, na bahari haimsubiri, akifika mwambani, maji yameanza kujaa. Hesabu hiyo haina shairi ndani yake. Ni kilo za pweza. Familia ilipokwenda kulalamika, mjomba aliulizwa ushahidi wake ni upi. Akasema, sisi tumezaliwa hapa. Mwenye ukuta alikuwa na karatasi.

Au chukueni Maumba na Nguluku, ambako familia zilihamishwa kupisha machimbo ya titani. Uchimbaji ulianza mwaka 2013, ukafungwa Disemba 2024. Aliyekuwa akienda likizo huko hawezi kukuonyesha hata mwembe aliouparamia. Mchanga wenyewe ulichimbwa, ukachujwa, ukarudishwa. Makala ya jogoo na moshi haitatuambia ardhi ile sasa ni ya nani.

Mtasema, dada, fasihi si hati ya kiapo. Sawa. Lakini hata kama fasihi hizi makala ni dhaifu. Nyanya wao hana deni, hana kesi, hana adui. Wangu aligombana na jirani kwa minazi mitatu kwa miaka tisa, na harusi za nyumba ile alikwenda, akakaa, akakataa kula. (Pilau ya kule ilinukia mpaka kwetu. Sisi watoto tulikula.) Ukiniambia ile minazi mitatu ilikuwa wapi, umenipa nyanya na umenipa mpaka wa shamba kwa sentensi moja.

Wenzetu wanaoshuka SGR kwenda Diani kupiga picha siwalaumu. Kwao kweli ni likizo. Nasema na wewe ambaye una watu kule. Disemba hii ukienda, acha simu ichaji, tembea na mzee mmoja mpaka njia inapokatika. Uliza nani alipita, tangu lini, nani aliweka ukuta na mwaka gani. Andika majina yote mawili, la baba na la upande wa mama. Kisha tuletee makala, na jogoo umtie ukipenda.

Juzi nimempigia mama mkubwa. Amenitajia watu kumi na wanne waliopita njia ile karibu kila siku. Sita bado wako hai, mmoja yuko Likoni, na anasema ana kumbukumbu nzuri kumshinda yeye.