Kabla ya Kupanda Kasigau, Piga Hodi

Wikendi ndefu ikikaribia, kundi la WhatsApp linachangamka. Mmoja anatupa picha ya mlima uliofunikwa na mawingu, mwingine anauliza nauli ni ngapi, wa tatu anasema hema analo. Kufikia usiku mko saba, michango imetumwa kwa M-Pesa na safari imeiva: treni hadi Voi, matatu hadi Maungu, halafu mnaiacha barabara kuu ya Mombasa na kushika ile ya vumbi hadi Rukanga, chini ya Mlima Kasigau. Mmejadili chakula, muziki na nani atabeba kamera. Swali moja halijaulizwa na yeyote: tukifika, tutamwambia nani kwamba tunapanda?

Tunakuandikia wewe unayepanga safari kama hiyo. Tunafurahi unaipanga. Kwa miaka mingi nyika na milima ya nchi hii ilionekana kama mali ya watalii wa kutoka ng'ambo, na sisi wenyeji tukiitazama kwenye kalenda. Siku hizi vijana wa Nairobi, Mombasa na Nakuru wanajaza mabasi kwenda kutembea milimani. Hiyo ni poa sana. Ila tabia moja imekuja na msisimko huo, na inatutia wasiwasi: kuingia porini kimya kimya, bila kujiandikisha, na kutoka bila kumwambia mtu.

Kasigau ni mfano mzuri wa kwa nini jambo hili si dogo. Kilele chake kiko mita 1,641 juu ya usawa wa bahari. Ukiulinganisha na Mlima Kenya, utauona mfupi, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Mlima huu unainuka ghafla kutoka kwenye nyika tambarare, kwa hiyo njia ni ya kupanda tu. Chini kuna joto na miiba. Juu kuna msitu wa mawingu, mawe yenye kuvu na mizizi iliyolowa, na ukungu unaweza kushuka ukashindwa kuona alipo mwenzako. Jua likizama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni, giza halichukui muda kuingia, na ndani ya msitu linatangulia.

Kisha kuna majirani. Kasigau iko katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na wanyama hawajui mpaka wa mbuga uko wapi. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu 36,280 nchini Kenya, na zaidi ya 14,000 kati yao walikuwa katika eneo pana la Tsavo. Ndovu hao hupita kwenye ranchi na mashamba yanayouzunguka mlima, hasa giza likiingia. Mwenyeji wa Rukanga au Bungule anajua kundi limelala wapi jana. Wewe uliyeshuka kwenye matatu asubuhi hujui, na simu yako haitakuambia.

Sasa hebu tuseme mmepanda bila kumwambia mtu, na mmoja wenu ameteguka kifundo cha mguu saa kumi jioni. Simu mbili zimeisha chaji kwa sababu ya kupiga video, ya tatu haishiki mtandao. Nyumbani wanajua tu kwamba "wameenda Voi". Hata jamaa akianza kuwa na wasiwasi usiku huo, atampigia nani, na atasema nini? Mlima huu umezungukwa na vijiji vitano: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe. Anayekutafuta bila kujua ulianzia kijiji gani anatafuta mlima mzima. Anayejua kwamba mlikuwa saba, mlianza saa moja asubuhi kupitia Bungule na mlisema mtarudi saa kumi, anatafuta njia moja. Hiyo ndiyo kazi ya jina lako kwenye daftari. Haikukingi na kuteguka, lakini inapunguza mahali pa kukutafuta na inamwambia mtu saa ya kuanza.

Tumefundishwa jambo hili tangu utotoni, ila hatukuambiwa kwamba linahusu mlima. Nyumbani kwa watu huingii bila hodi. Unabisha, unasubiri karibu, unajitambulisha, unaulizwa habari za utokako. Ukimaliza, hutoroki kupitia mlango wa nyuma: unaaga. Kujiandikisha kwa askari wa wanyamapori, kwa walinzi wa msitu au kwa waelekezi wa kijiji ni hodi hiyo hiyo. Na ile saini ya kutoka, ambayo wengi wetu huiruka kwa sababu tumechoka na matatu inapiga honi, ndiyo kuaga. Ukiruka hodi, hakuna atakayekutafuta. Ukiruka kuaga, watu wanaweza kukutafuta usiku kucha na wewe uko kwenye treni ukila njugu.

Wengine hufanya hivi bila mjadala. Kilimanjaro, ule mlima ambao siku ya anga safi unaonekana ukiwa huku Taita, hupandi bila mwelekezi, na unaandika jina lako kwenye daftari getini na katika kila kambi unayolala. Kule Minnesota, Marekani, kuna pori la maziwa linaloitwa Boundary Waters ambako watu husafiri kwa mitumbwi siku kadhaa. Anayetaka kulala humo wakati wa msimu hupita kwanza kuchukua kibali chake, kinachotaja siku na mahali atakapoingilia, na kundi lisizidi watu tisa. Hakuna anayeona ni kuonewa. Ni sehemu ya safari, kama kufunga kamba za viatu.

Hapa kwetu tunasikia sababu nyingi za kukwepa. Ya kwanza: "Si nimelipa kwa eCitizen?" Kulipa ni vizuri, na katika mbuga za KWS ndiyo njia ya kuingia. Lakini risiti inasema umelipa. Haisemi unapita njia gani, wala utarudi saa ngapi. Tena Kasigau si mbuga. Msitu wa kilele uko chini ya Huduma ya Misitu Kenya, ranchi za chini zina askari wao wa doria, na vijiji vina machifu na waelekezi. Usitarajie kizuizi kama kile cha geti la Voi kitakachokusimamisha kwa lazima. Hapa inabidi wewe mwenyewe ukatafute mlango ubishe.

Ya pili ni pesa. Mwelekezi analipwa, na bajeti ya vijana huwa imebanwa hadi shilingi ya mwisho. Tunaelewa. Lakini mkiwa saba, ujira wa mwelekezi mmoja ukigawanywa mnaweza kukuta hauzidi soda na chipsi mtakazonunua stendi ya Voi. Na pesa hiyo inabaki kwa watu wanaoishi na ndovu wanaokanyaga mahindi yao. Ukifika mahali, ukapiga picha, ukaondoka bila kuacha hata salamu, usishangae mwaka ujao ukipokewa kwa macho makavu.

Ya tatu ni nzito zaidi, na hatutaki kuipita juu juu. Kijana wa Kenya amejifunza kwamba mtu mwenye sare akimuuliza "unatoka wapi, unaenda wapi," jibu salama ni fupi iwezekanavyo. Kuandika jina, namba ya kitambulisho na ya simu kwenye kitabu cha serikali si jambo linalomfurahisha kila mtu, na sababu zake zinajulikana. Hatukulaumu kwa kusita. Tunachokuomba ni utofautishe anayekuuliza ili akuzuie na anayekuuliza ili ajue pa kukuchukua ukikwama. Mlimani, huyu wa pili ndiye atakayewasha tochi na kuja.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Ukipotea Kasigau, anayetoka kukutafuta usiku si mashine. Ni askari wa doria aliyeshinda juani, au kijana wa kijiji mwenye watoto nyumbani, na wote wawili wanatembea gizani kwenye kichaka chenye ndovu na nyati. Uamuzi wako wa asubuhi wa kuokoa dakika kumi unaweza kuwa hatari ya mtu mwingine saa sita usiku. Uhuru wa kutembea ni wako, ila gharama yake huwa hailipwi na wewe peke yako.

Tuseme ukweli pia: daftari si hirizi. Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, na mmoja wao alikuwa mwelekezi wa pale pale. Miaka saba kabla ya hapo, Aprili 2012, korongo hilo hilo lilikuwa limeua vijana waliokuwa kwenye safari ya kanisa. Kuandika jina hakuzuii mvua iliyonyesha kilomita nyingi kutoka ulipo. Kwa hiyo usiandike jina kisha ukaondoka mbio. Simama uulize: jana mvua ilinyesha wapi? Njia ikoje leo? Ndovu wameonekana upande gani? Na ukiambiwa "leo msipande", kubali. Mlima utakuwepo mwezi ujao.

Wenye ofisi nao wana deni. Daftari lisilofunguliwa jioni ni karatasi tu. Kama hakuna anayehesabu jua likizama ni wangapi waliingia na wangapi wametoka, basi mgeni ameombwa hodi ya maonyesho. KWS, Huduma ya Misitu na serikali ya kaunti ya Taita Taveta wanaweza kukubaliana mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi: bao kubwa katika kila kijiji cha kuanzia linalosema ujiandikishe wapi, namba moja ya simu inayopokelewa hata Jumapili, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina la kazi kuwa ndiye anayehesabu jioni. Na yule anayempokea kijana aliyevaa kaptula na begi mgongoni amkaribishe kama mgeni, asimhoji kama mshukiwa. Hodi bila karibu huwafanya watu waruke ua.

Wewe nawe, kabla ya kutoka nyumbani, andika ujumbe mmoja na umtumie mtu asiyesafiri nanyi: majina yenu, kijiji mnachoanzia, saa ya kuanza, saa ya kurudi, na saa ambayo mkiwa kimya apige simu 999 au 112. Mkifika Rukanga au kijiji kingine chochote, ulizeni waelekezi au ofisi ya chifu iko wapi kabla hamjauliza kilele kiko wapi. Semeni mko wangapi hasa, pamoja na yule mwenzenu aliyejiunga dakika ya mwisho. Kama kuna mwenye pumu au kifafa, mwelekezi ajue. Wekeni saa ya kugeuza, hata kama kilele kinaonekana karibu. Mkishuka, rudini mahali pale pale mlipojiandikisha, mseme tumerudi wote saba, asanteni.

Halafu ndiyo mpande matatu. Picha mtaposti mkiwa njiani.