Kibodi za Stoo Zirudi Darasani

Nilipokuwa TP mwaka jana, katika sekondari moja kwenye miteremko ya Uluguru, nilikuta stoo kibodi kumi na nne zikisubiri kutupwa. "Hizo zimekufa, mwalimu," mtunza stoo akaniambia. Wala hazikuwa zimekufa. Zilikuwa na plagi ya duara, ile ya zambarau inayoitwa PS/2, iliyoanza na kompyuta za IBM mwaka 1987. Kompyuta za shule zilikuwa na matundu ya USB tu.

Nikashuka mjini kununua adapta. Ikagoma. Nilijifunza kwa hasara kwamba adapta zile za bei rahisi hazitafsiri kitu. Zinabadilisha umbo la plagi tu, na zinaifaa kibodi iliyotengenezwa kuelewa mifumo yote miwili.

Basi nikatoa Arduino yangu, niliyoinunua siku boom lilipotoka, pamoja na kioo kidogo cha mistari miwili. Plagi ile ina pini sita, lakini zinazofanya kazi ni nne: umeme wa volti 5, ethi, data, na mapigo ya saa yanayoongoza data. Tukaunganisha na wanafunzi wa kidato cha tatu baada ya vipindi. Ukibonyeza A, kibodi haitumi herufi A. Inatuma namba, 1C. Ukiachia, inatuma F0 kisha 1C tena. Kuigeuza namba hiyo iwe herufi ni kazi ya programu.

Wanafunzi waliokuwa wakikariri heksadesimali ubaoni wakaanza kubishana: 1C ni 28, na kwa mfumo wa namba mbili ni 00011100. Binti mmoja akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, naweza kuifanya Q iandike A?" Akajaribu, ikaandika A. Hakuna aliyekumbuka kwenda nyumbani.

Najua mtasema silabasi ni ndefu na vifaa ni ghali. Ni kweli, na kibodi tano kati ya zile zilikuwa mbovu kabisa. Lakini Arduino moja ilitosha kundi zima, na mbovu tulizifungua tuone kilichomo ndani.

Mwaka 1974 serikali yetu ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini. Zuio hilo liliisha zamani. Leo mashine zipo, ila tunaziogopa. Mwalimu mtarajiwa anamaliza miaka mitatu akijua kutengeneza slaidi, hajawahi kufungua hata kibodi moja. Akikuta kifaa kimegoma, anakipeleka stoo na kurudi kwenye chaki.

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo. Kabla ya TP ijayo tukusanye kibodi za zamani zilizolala maofisini hapa chuoni, tutenge Jumamosi mbili, na kila anayekwenda kufundisha kompyuta aunganishe moja kwa mikono yake. Mimi nitaleta Arduino. Nani analeta bisibisi?