Honi Haivuti Mabehewa

Ndugu wafanya kazi,

Uchaguzi wa matawi ukikaribia, huja watu ambao hatukuwaona tangu uchaguzi uliopita. Hutusalimu kwa majina, hutununulia chai, hupigwa picha pamoja nasi. Kisha twasema, "Huyu anajulikana." Mimi nauliza: anajulikana kwa kazi gani?

Mkumbukeni Makhan Singh. Mwaka 1935 alikuwa katibu wa chama cha wafanya kazi kilichofungua mlango kwa watu wa kila rangi. Tarehe 23 Aprili 1950, katika jumba la Kaloleni, Nairobi, alisimama mbele ya watu akadai uhuru wa Afrika ya Mashariki. Wakati ule neno hilo lilikuwa la hatari. Mwezi uliofuata alikamatwa, wala hakufunguliwa mpaka Oktoba 1961. Miaka 11 hakuonekana mkutanoni, lakini waliokuwapo hawakumsahau, kwa maana walimwona siku iliyokuwa na gharama.

Uhuru ulipopatikana 1963 hakupewa uwaziri. Aliketi akaandika historia ya vyama vyetu, na kitabu kikatoka 1969. Kazi ya kimya ina heshima, lakini ina hasara pia: leo vijana wengi kazini hawamjui. Kosa hilo si lake, ni letu.

Sisemi kiongozi ajifiche. Tom Mboya alionekana sana, na ilifaa. Wafanya kazi wa bandari ya Mombasa walipogoma 1955, alikwenda kwao mwenyewe. Kuwachochea kungalimpatia makofi mengi. Yeye aliwashauri warudi kazini ili madai yao yasikizwe, na nyongeza ya mshahara ikapatikana. Alionekana, tena alijizuia. Ndipo sifa yake ikakua.

Sisi watu wa reli twajua: honi ya gari la moshi husikika mbali, lakini haivuti hata behewa moja. Basi tusipige kura kwa kufuata kelele. Mtu akija kuomba kura, tumwulize: "Siku ya shida ulikuwa wapi? Ulipoweza kujipatia sifa kwa hasara yetu, ulifanya nini?" Na yule anayetutumikia bila kujipigia ngoma, tusimwache asahauliwe. Tulitaje jina lake sisi wenyewe, mkutanoni, angali hai.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Reli