Kilimia: Nzito Ndani, Nyepesi Nje

Mwezi wa Desemba, baada ya sala ya Isha, tazameni kaskazini-mashariki. Kile kishada cha nyota ndogo ndicho Kilimia, ambacho Waarabu hukiita Thurayya. Jicho huhesabu nyota sita au saba. Darubini zimefichua zaidi ya 1,000, umbali wa miaka-nuru 440 hivi.

Nyota hizo hazikutawanyika ovyo. Zilizo nzito zimekusanyika katikati, nyepesi zimeenea pembezoni. Sababu ni mvutano: nyota mbili zipitapo karibu, huvutana na kupeana mwendo. Aghalabu iliyo nzito hupungukiwa na mwendo, ikazama ndani. Nyepesi huzidi mwendo, ikasogea nje, na nyengine huponyoka kabisa.

Hivyo Kilimia hupoteza nyota zake moja baada ya moja. Kina umri wa miaka milioni 100 hivi, na wanafalaki hukadiria kuwa baada ya miaka milioni 250 ijayo kitakuwa kimesambaratika. Jina lake, litokalo katika kulima, laweza kutoweka mapema zaidi. Wazee wetu walikitazama kujua majira ya kilimo. Nasi tuwaonyeshe watoto, wakitambue na kukiita kwa jina lake.