Mpagazi Naye Alikuwa na Jina

Ndugu zangu, tusizisifu tu picha za zamani za Burundi, za Wajerumani na za Wabelgiji waliowafuata 1916. Tuziangalie vizuri. Mara nyingi mzungu ameandikwa jina na cheo. Waliobeba mizigo yake wameandikwa "wapagazi", basi. Na nyingi ziko Tervuren, Ubelgiji, mbali na wajukuu ambao wangewatambua.

Eti hayo yamepita? Leo wageni wanakuja hapa Bukirasazi na kamera, wanapiga, wanaenda zao. Chini wanaandika "mama mkimbizi". Huyo mama ana jina, ana kijiji alichotoka, jamani! Asiyeuliza jina asipige picha. Na sisi wenye simu tuandike majina, wajukuu wasije wakakuta sura tu.