Kahawa ya Milima ya Mbooni na Kilungu

Bei ya kahawa huzungumzwa sana katika mabaraza yetu. Wengi hudhani ya kwamba hupatikana Nairobi, penye mnada. Mimi naona yapatikana kwanza mkononi mwa mchumaji.

Kahawa ya arabika hupenda nchi ya juu yenye baridi, ambako tunda hukawia kuiva na buni huwa ngumu, yenye ladha. Kwa hiyo katika Makueni huota juu ya milima ya Mbooni na Kilungu, inayopita mita 1,500, wala si katika tambarare za Kibwezi. Sehemu kubwa ya Kitui ni ya chini na kavu. Mkulima wa huko asione wivu, maana ndengu na asali yake zina wanunuzi. Hata milimani mvua si ya kutegemewa, na ndiyo sababu wazee wausifu mti wa SL28, uliochaguliwa na Maabara ya Scott huko Kabete katika miaka ya 1930. Huvumilia ukame, na ladha yake ni bora, lakini hauuwezi ugonjwa wa kuoza matunda. Anayeuogopa hupanda Ruiru 11, au Batian iliyotolewa mwaka 2010.

Tunda lichumwe likiwa jekundu kabisa. Siku ile ile lifike kiwandani, limenywe kwa mashine, na mbegu zilale tangini mpaka ule utelezi ulegee. Kisha huoshwa kwa maji safi na kuanikwa juu ya vitanda vya waya, zikigeuzwa mara kwa mara, hata unyevu ubaki kama asilimia 11. Mbegu iliyosahauliwa tangini huchacha, na harufu yake hutambulikana kikombeni.

Basi kiwanda cha ushirika huchanganya matunda ya wote. Mtu afichaye mabichi chini ya gunia hupunguza malipo ya jirani yake, na karani wa mizani asimwonee haya, hata akiwa mjomba wake. Wala tusidanganywe na herufi AA: hizo ni za ukubwa wa buni tu. Waonjaji hutoa alama kati ya 100, na kahawa isiyofika 80 haihesabiwi kuwa ya daraja la pekee.

Matunda yaliyokataliwa yasitupwe. Yaanikwe mazima, yauzwe peke yake kama mbuni, kwa bei yake ya chini.